Kusimamia Zabuni na Miradi ya Ulinzi wa Kimtandao Katika Reli: Hatua kwa Hatua

Kazi yangu ni kuandaa zabuni za ulinzi wa kimtandao katika mifumo ya reli na, zikishinda, kusimamia mradi wenyewe hadi makabidhiano. Kwa kuwa hubeba kazi zote mbili, nimezoea kuihesabu zabuni kuwa awamu ya kwanza ya mradi, maana sentensi iliyoandikwa kwa haraka usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha hurudi miaka miwili baadaye ikidai kutekelezwa. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi ilivyo, ila nitakawia zaidi katika hatua ambazo fedha nyingi hupotelea.

Hatua ya 1: Tenganisha maana mbili za neno "usalama"

Mhandisi wa ishara, yaani wa mfumo unaoongoza mwendo wa treni njiani, anapotamka usalama, anamaanisha kwamba treni mbili hazitaruhusiwa kuingia katika kipande kimoja cha njia hata kifaa kikiharibika, na viwango vyake ni vya Ulaya vya usalama wa reli, jamii ya EN 50126 na EN 50129. Mtaalamu wa mtandao akitamka neno hilohilo, anamfikiria mtu mwenye nia ya kudhuru. Tofauti hii si ya maneno tu: uwezekano wa kifaa kuharibika hukokotolewa kwa takwimu, lakini mdukuzi huchagua saa na mahali pa kushambulia. Katika nyaraka zangu, "usalama" ni wa mhandisi wa ishara na "ulinzi" ni wa mtandao, na fasili hiyo huiweka mwanzoni kabisa ili wakaguzi wa pande zote mbili wasigombane baadaye.

Hatua ya 2: Soma nyaraka zote, kisha uliza

Masharti ya ulinzi hayakai katika sura moja. Mengine yamo katika vipimo vya kiufundi, mengine katika masharti ya mkataba, na yale ya gharama kubwa mara nyingi hujificha katika kiambatisho cha matengenezo. Yakusanye yote katika jedwali moja, na kwa kila sharti uandike kama unalitimiza, unalitimiza kwa sehemu au hulitimizi, utalithibitishaje, na nani atawajibika.

Jihadhari na sentensi fupi inayosema kwamba mfumo uzingatie IEC 62443. Hiyo ni jamii ya nyaraka za kimataifa za ulinzi wa mifumo ya udhibiti ya viwandani, wala si waraka mmoja: sehemu ya 2-4 inawahusu watoa huduma, 3-2 inahusu tathmini ya vihatarishi, 3-3 inahusu mfumo mzima, 4-1 inahusu namna ya kuunda bidhaa, na 4-2 inahusu vifaa vyenyewe. Zaidi ya hayo, kuna viwango vinne vya ulinzi, cha kwanza kikikinga dhidi ya makosa ya bahati mbaya na cha nne dhidi ya mshambuliaji mwenye utaalamu na rasilimali nyingi. Mzabuni anayejibu "tunazingatia" bila kuuliza ni sehemu ipi, kiwango kipi na kwa eneo lipi la mfumo, ameahidi kitu asichokijua. Kwa reli, waraka wa kiufundi wa Ulaya wa CLC/TS 50701, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2021, husaidia sana, kwa sababu unafunganisha mahitaji hayo na hatua za maisha ya mfumo za EN 50126. Unapotuma ombi la ufafanuzi, kumbuka kwamba majibu kwa kawaida husambazwa kwa wazabuni wote; liandike swali bila kuonyesha suluhisho lako.

Hatua ya 3: Chora kanda kabla ya kupanga bei

Usisubiri ushinde ndipo ufanye tathmini ya vihatarishi. Ile ya awali, hata ya siku chache, inatosha kugawa mfumo katika kanda, yaani makundi ya vifaa vinavyohitaji ulinzi wa aina moja, na kuonyesha njia za mawasiliano kati yake: kompyuta inayofungamanisha ishara na swichi za njia, redio ya treni, mtandao wa ndani ya mabehewa, kamera, tiketi, mbao za matangazo na intaneti ya abiria. Kila mstari unaovuka mpaka wa kanda ni gharama, na kila mstari uliosahauliwa ni gharama kubwa zaidi.

Matukio yaliyokwisha kutokea yanaonyesha kwa nini mpaka hauishii kwenye vifaa vyako. Mwaka 2017 WannaCry, programu hasidi inayofunga kompyuta na kudai fidia, iliathiri mbao za matangazo za Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, huku treni zikiendelea kutembea. Mwaka 2022 treni za DSB nchini Denmark zilisimama kwa saa kadhaa baada ya mkandarasi wa programu kushambuliwa na kuzima seva zake, hivyo madereva wakakosa taarifa za uendeshaji walizozipata kwa programu hiyo. Mwaka 2023 nchini Poland, treni zilisimamishwa kwa ishara ya redio ya analojia isiyo na uthibitisho wowote wa mtumaji. Hakuna kompyuta iliyohitaji kuingiliwa. Ukiweka matukio hayo matatu mbele ya timu yako na kuuliza kama mchoro wenu ungeyaonyesha, mapengo hujitokeza haraka.

Hatua ya 4: Panga bei ya miaka yote

Hapa ndipo zabuni nyingi huharibika. Mfumo wa ishara unaweza kutumika miaka 30 au zaidi, ilhali mfumo endeshi wa kompyuta zake huacha kupata viraka, yaani masasisho ya kuziba udhaifu, mapema kuliko hapo. Tena, kiraka ambacho katika ofisi huwekwa kwa dakika chache, katika mfumo wa usalama wa daraja la juu kabisa, SIL 4, huhitaji uchambuzi wa athari, majaribio upya na mara nyingi idhini ya mtathmini huru. Kwa sababu hiyo napendelea kuweka kinga nje ya mfumo wa usalama kadiri inavyowezekana, kwa kuta za kinga (firewall) mpakani na, pale taarifa zinapohitajika kutoka tu, kwa vifaa vinavyopitisha data upande mmoja. Kinga ya nje huweza kubadilishwa bila kuufungua upya ushahidi wa usalama, yaani nyaraka zinazothibitisha kwamba mfumo ni salama.

Katika bei yako weka pia nakala ya mfumo katika maabara. Majaribio ya kupenya, yaani kujaribu kuudukua mfumo kwa idhini ili kuona udhaifu wake, hayafanywi kwenye njia inayotumika, kwani hata uchunguzi wa kawaida wa mtandao unaweza kukwamisha vidhibiti vya zamani. Weka saa za usiku ambapo njia hufungwa kwa ajili ya kazi, maana utazigombania na mafundi wa reli na wa umeme, nao wana haki ya kutangulia.

Hatua ya 5: Andika dhana zako, yaani mambo unayoyachukulia kuwa kweli unapopanga bei, kama anayejua zitasomwa na mwanasheria

Katika mradi mmoja tuliahidi "kufuatilia kumbukumbu za matukio". Tulimaanisha kusakinisha programu. Mteja alielewa kwamba watu wetu wangekaa mbele ya skrini usiku na mchana. Sentensi iliruhusu maana zote mbili, na tuligawana gharama baada ya miezi ya barua. Tangu hapo kila dhana yangu inataja nani anatenda, kwa muda gani, na kazi inaishia wapi.

Angalia hasa muda wa kutoa taarifa. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la NIS2 la mwaka 2022 kuhusu ulinzi wa kimtandao linadai, tukio kubwa likitokea, onyo la awali ndani ya saa 24, taarifa ndani ya saa 72 na ripoti ya mwisho ndani ya mwezi mmoja. Mteja anayebanwa na saa 24 hatakupa wewe 24. Huenda akakupa 4, nawe unahitaji mtu wa zamu wa kuzitimiza.

Hatua ya 6: Ukishinda, shusha masharti kwa wakandarasi wadogo

Fanya kikao cha makabidhiano kati ya walioandika zabuni na watakaotekeleza kabla waandishi hawajahamia kazi nyingine. Kisha hakikisha kila msambazaji amesaini masharti yaleyale uliyosaini wewe, pamoja na orodha ya vijenzi vya programu yake na muda wa kukujulisha udhaifu unapogunduliwa. Ratiba ya mradi ionyeshe tarehe ambayo wahandisi wa ishara watafunga usanifu wao, kwa sababu ombi la ulinzi linalofika baada ya hapo huchukuliwa kuwa mabadiliko ya kulipiwa.

Hatua ya 7: Thibitisha na kabidhi

Majaribio ya kiwandani yathibitishe mipangilio, na yale ya eneo la kazi yathibitishe kwamba mipangilio hiyo haikubadilishwa wakati wa usakinishaji. Ushahidi ukusanywe kila wiki, si mwezi wa mwisho. Siku ya makabidhiano, pita mwenyewe na mwakilishi wa mteja: nywila za kiwandani zimebadilishwa, akaunti za wahandisi wenu zimefutwa, kompyuta za majaribio zimeondolewa, na ile laini ya kuingilia kutoka mbali, ambayo mtu aliifungua kwa muda ili arekebishe kasoro ndogo, imefungwa na ufungaji wake kutiwa saini.