Kukwangua rangi za zamani bila kuwalisha watoto vumbi la risasi

Mafundi rangi wenzangu wa Mwanza, kama umepata kazi ya kukarabati nyumba za zamani kule Isamilo, Capri Point au katikati ya mji, soma hapa kabla hujashika skrepa. Rangi za mafuta za zamani kwenye milango, madirisha na grili, hasa njano, nyekundu na kijani, nyingi zina madini ya risasi. Mtoto akimeza vumbi lake linaharibu ubongo na ukishaharibika ndo basi, Shirika la Afya Duniani (WHO) wenyewe wanasema hakuna kiwango kilicho salama. Hujui rangi ni ya lini? Ichukulie ina risasi.

1. Toa watu. Watoto na mama mjamzito wasirudi mpaka umemaliza kusafisha. Magodoro, mapazia na vyombo nje, kisichotoka kifunike nailoni upige tepu.

2. Tandika nailoni nzito chini. Sheria ya Marekani kwa nyumba za kabla ya 1978 inataka karibu mita 2 kutoka ukutani kwa ndani, mita 3 kwa nje, na mi naona tuifuate tu. Kazi ya nje ianze asubuhi mapema maana mchana upepo wa ziwa unabeba vumbi lote mpaka kwa jirani aliyeanika dagaa.

3. Lowesha, hapa ndo penyewe. Zima umeme kwanza, chukua chupa ya kupulizia, lowesha kidogo kwangua, lowesha tena kwangua, malizia na msasa wa maji. Grenda kavu hapana, kuchoma rangi kwa moto hapana kabisaa, ule moshi una risasi. Tajiri atalalamika unachelewa, kwahiyo siku za ziada ziingize kwenye bei mapema, usije ukaokoa siku moja kwa afya ya mtoto wa mtu.

4. Usifagie. Kunja nailoni kwa ndani, funga kwenye mfuko, usichome. Futa kila kitu na tambara la maji ya sabuni, suuza kwenye ndoo nyingine, rudia. Maji machafu yachuje umwage chooni, sio kwenye mtaro unaoshuka ziwani.

5. Na wewe je? Barakoa ya kitambaa haisaidii, tafuta ya N95, ile inayochuja vumbi laini, au zaidi. Usile wala kuvuta sigara kazini, nawa, nguo badilisha hukohuko site na zifuliwe peke yake, maana ukifika home mtoto anakurukia.

Rangi mpya ukinunua, uliza yenye risasi chini ya ppm 90 (yaani sehemu 90 kwa milioni), duka lisilojua kujibu hamia la pili.