Nyota ya Kaa na taifa la Kiribati: namna ya kuiwazia nchi ya visiwa kama mtu

Anayetaka kuipa nchi tabia ya mtu kwa kufuata nyota yake sharti aanze na tarehe, wala asiidharau hatua hiyo kwa kuwa inaonekana rahisi. Mtu huzaliwa mara moja, ilhali nchi huweza kuwa na siku kadhaa zinazogombea heshima ya kuitwa siku ya kuzaliwa. Samoa ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1962, na kwa hesabu hiyo ingekuwa Mbuzi, lakini Wasamoa huadhimisha uhuru wao tarehe 1 Juni, siku iliyo katika Mapacha. Visiwa vya Marshall navyo vina katiba iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 1979, na mkataba na Marekani ulioanza kutumika tarehe 21 Oktoba 1986, yaani Ng'ombe kwa upande mmoja na Mizani kwa upande wa pili. Mimi huchukua siku ambayo wananchi wenyewe huisherehekea, kwa sababu siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote ni ile ambayo jamaa zake huikumbuka.

Kwa mafunzo haya nimeichagua Kiribati, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ambayo haina utata wa namna hiyo. Ilijitawala tarehe 12 Julai 1979, na tarehe hiyohiyo ndiyo sikukuu yake hadi leo. Nyota yake basi ni Kaa. Wanajimu wa pwani yetu huiita pia Saratani, kwa jina la Kiarabu, lakini ninapendelea Kaa, kwa kuwa neno lile la kwanza sasa limechukuliwa na ugonjwa na humsumbua msomaji. Zaidi ya hayo, Kiswahili kinatupa hapa zawadi ambayo hatukuiomba: kaa ni mnyama wa ufukweni, na kukaa ni kuishi mahali. Kwa nchi ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake haiinuki zaidi ya mita mbili au tatu juu ya bahari, swali la kukaa ndilo swali la maisha yote.

Hatua ya pili ni kuandika sifa ambazo wanajimu huzitaja, kisha kugeuza kila sifa iwe swali. Husemwa kwamba Kaa hutawaliwa na Mwezi, asili yake ni maji, hupenda nyumbani, hulinda walio wake, hukumbuka mambo ya zamani kwa muda mrefu, huficha ulaini wake ndani ya gamba, na akitaka kufika mahali huenda kwa upande. Usiandike kwamba Kiribati inapenda nyumbani. Uliza nyumba yake ni ipi, imejengwaje, na nani ana haki ya kuketi wapi ndani yake. Nyota iulize, nchi ijibu. Hapa ndipo waandishi wengi hukosea, kwa maana huichukua orodha ya sifa na kuivalisha nchi kama nguo ya kuazima.

Tuanze na gamba. Katika vijiji vya Kiribati jengo kuu ni maneaba, ukumbi wa jamii wenye paa refu linaloshuka karibu na ardhi, hata anayeingia hulazimika kuinama. Kila ukoo una mahali pake pa kuketi, paitwapo boti, na wazee waitwao unimane ndio wenye kauli. Bunge la nchi nalo linaitwa Maneaba ni Maungatabu. Kwa hiyo mtu wetu si mtu wa kujifungia ndani peke yake. Gamba lake ni paa moja kubwa ambalo watu wengi hukaa chini yake kwa utaratibu unaojulikana.

Kisha Mwezi. Msomaji wa Mombasa au Zanzibar hahitaji maelezo marefu, kwa kuwa anajua kwamba mwezi ukipevuka au ukiandama, bamvua hufuata. Siku Kiribati ilipojitawala, mwezi ulikuwa umepevuka siku chache tu zilizotangulia, kwa hiyo unaweza kumwazia mtu huyu kuwa alizaliwa majira ya bamvua, bahari ikiwa imejaa hadi mlangoni. Kwetu bamvua huja na kuondoka, lakini kwenye visiwa vyembamba vya matumbawe maji hayo hupanda hadi kwenye mashimo ya babai, yaani magimbi makubwa yanayolimwa kwa kuchimba ardhi mpaka kuyafikia maji matamu yaliyo juu ya maji ya chumvi. Chumvi ikiingia shimoni, kazi ya miaka huharibika. Tena ujuzi wa kulima babai hutunzwa kama siri ya familia, na hapo ndipo ulaini uliofichwa ndani ya gamba unapopata mfano wake wa kweli.

Sifa ya kumbukumbu ndefu inahitaji uangalifu mkubwa kuliko zote, kwa sababu inagusa maumivu ya watu walio hai. Kisiwa cha Banaba, kilicho sehemu ya Kiribati, kilichimbwa fosfati, madini ya kutengenezea mbolea, tangu mwaka 1900 hadi 1979, mwaka uleule wa uhuru, na mwaka 1945 wenyeji wake walihamishiwa kisiwa cha Rabi nchini Fiji. Wabanaba walitaka kujitenga na nchi mpya, hawakufanikiwa, lakini katiba ilimwekea nafasi bungeni mwakilishi wa jamii ya Rabi. Nilipolijua jambo hilo niliacha kumwazia mtu wangu kuwa mwenye kinyongo. Nilimwona kama mama anayeweka sahani ya mtoto aliyeondoka nyumbani kwa uchungu, akijua kwamba mtoto huyo ana haki ya kuwa na uchungu.

Ama mwendo wa upande, historia yenyewe imeuandika. Mstari wa Tarehe, ule wa kuwaziwa ambao tarehe hubadilika mtu anapouvuka, ulikuwa ukiikata nchi, hata ofisi za magharibi na za mashariki zikawa na siku nne tu za kazi za pamoja kwa juma. Kiribati haikugombana na jua. Mwanzoni mwa 1995 iliusogeza mstari wenyewe kuelekea mashariki, na kisiwa cha Kiritimati kikawa miongoni mwa sehemu za kwanza duniani kuipokea siku mpya. Mwaka 2014, wakati wa Rais Anote Tong, serikali ilinunua takriban kilomita za mraba 20 za ardhi katika kisiwa cha Vanua Levu nchini Fiji. Adui akija mbele, kaa hujongea pembeni, lakini macho yake hayaondoki kwa adui.

Hatua ya tatu ni kuitazama anga ya wenyewe. Buruji, yaani nyota hizi za unajimu tunazozitumia, zilitoka mbali na Pasifiki, na si haki kumpimia mtu kwa anga ya wageni peke yake. Katika Kiribati mwaka uligawanywa kwa nyota mbili: Nei Auti, ambayo ni Kilimia chetu, na Rimwimata, ile nyota nyekundu iliyo kifuani mwa Nge. Mabaharia wao walijifunza anga kama paa la maneaba, lenye mapao na boriti ambazo nyota hupita kati yake. Ikiwa mtu wako ni Kaa, basi mpe anga hiyo juu ya kichwa chake.

Sasa andika aya moja, bila kuitaja nyota hata mara moja. Yangu ilianza hivi: “Ni mwanamke wa makamo anayeamka kabla ya majirani wote. Huinama kila aingiapo nyumbani kwake, kwa heshima ya paa. Ukimuuliza habari za bahari hukujibu kwa kukuonyesha alama ya maji kwenye nguzo, na ukimuuliza kama atahama, hukuonyesha shimo la babai alilolichimba baba yake.”

Mwisho uijaribu aya hiyo kwa ndugu wa nyota. Visiwa vya Solomon vilipata uhuru tarehe 7 Julai 1978, navyo ni Kaa, lakini ni nchi ya milima, misitu minene na lugha zaidi ya 70, wakati Kiribati nzima huunganishwa na lugha moja. Weka jina la Solomon mahali pa Kiribati na usome kwa sauti. Katika rasimu yangu ya kwanza kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba mwanamke huyu huwapenda sana wanawe. Ilikubali majina yote mawili, nikaifuta. Ile ya shimo la babai na alama ya maji ilibaki.