Uhamisho wa ghafla wakati wa mlipuko: mambo ya mmisionari kuzingatia kabla

Barua ya kawaida ya uhamisho huja na nafasi ya kuaga. Ule unaoletwa na mlipuko wa ugonjwa hauna nafasi hiyo: simu inapigwa asubuhi, jioni uko uwanja wa ndege. Mwanzoni mwa Agosti 2014, Ebola ilipokuwa imepamba moto Liberia na Sierra Leone, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho liliwahamisha wamisionari wake waliokuwa katika nchi hizo, zaidi ya 270, likawapangia vituo kwingine. Kabla mwezi haujaisha, Kenya Airways na British Airways zilikuwa zimesimamisha safari za Freetown na Monrovia, miji mikuu ya nchi hizo. Anayeanza kutafuta pasipoti wakati kama huo amechelewa.

Wengi tukiambiwa tujiandae tunafikiria begi kwanza. Kwa mmisionari anayetoka Afrika Mashariki au Kongo, swali la kwanza liwe hili: nikiugua huko, nani atanitoa, na kwa ndege ya nani? Mwezi huohuo wa Agosti, Hispania ilituma ndege Monrovia kumchukua padri Miguel Pajares, aliyeugua Ebola akihudumu hospitalini huko, pamoja na mtawa mwenzake aliyekuwa na uraia wa Hispania. Masista wawili waliohudumu nao katika hospitali hiyohiyo, Chantal Pascaline wa Kongo na Paciencia Melgar wa Guinea ya Ikweta, walibaki. Chantal alifariki Monrovia. Pajares naye alifariki Madrid siku chache baadaye. Paciencia akapona. Ndege ile iliangalia uraia, haikuangalia nadhiri. Kwa hiyo kabla hujapokea utume wa mbali, muulize mkuu wa shirika waziwazi kama bima inagharimia kusafirisha mgonjwa wa ugonjwa wa kuambukiza, maana bima nyingi hazifiki huko, na ubalozi gani unakuhesabu kuwa mtu wake. Jibu lipate kwa maandishi. Si kukosa imani kuuliza.

Baada ya hapo, makabidhiano. Hapa ndipo vituo vingi huyumba. Akaunti ya benki ina watia saini wawili, wote wageni, wote wameondoka. Mwisho wa mwezi mlinzi na mwalimu wa chekechea hawalipwi. Sajili za ubatizo zimefungiwa kabatini na funguo imesafiri mfukoni mwa padri. Kuna mtoto aliyeahidiwa ada, kuna mgonjwa anayeletewa dawa kila Ijumaa, na hakuna mwingine anayejua. Mtia saini mmoja awe mwenyeji tangu mwanzo. Andika ukurasa mmoja wenye majina, ahadi, madeni na mahali zilipo funguo, kisha uurekebishe kila baada ya miezi michache. Uandike kwenye daftari, siyo kwenye kompyuta yenye nywila unayoijua peke yako. Katekista au mzee wa kanisa ajue daftari liko wapi.

Fikiria pia utakachowaambia watu. Wewe unaondoka kwenye hatari na wao wanabaki ndani yake. Hilo halifichiki, na mahubiri marefu yanalizidisha. Kama hakuna muda wa kukutana, ujumbe wa sauti kwenye kundi la jumuiya unatosha: nimeamriwa kuondoka, fulani ndiye anayeshika kazi, tutawasiliana Jumapili. Usitaje tarehe ya kurudi. Na hiyo Jumapili piga simu kweli.

Begi lenyewe ni dogo: pasipoti, kibali cha ukaazi, vyeti, dawa zako za mwezi mzima, dola kidogo taslimu kwa sababu laini ya pesa ya huko huenda isikusaidie ukivuka mpaka. Kadi ya njano ya chanjo usiiache mpaka siku ya safari, kwani chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya kuchomwa. Ukishaipata, tangu Julai 2016 kadi hiyo haiishi muda.

Njia ya safari nayo ina mambo yake. Mwaka 2014 Kenya iliwazuia wasafiri waliotoka Guinea, Liberia na Sierra Leone, isipokuwa Wakenya waliokuwa wakirudi nyumbani na wahudumu wa afya. Mmisionari Mtanzania aliyepanga kupitia Nairobi angelazimika kutafuta njia nyingine, kwa hiyo msimamizi wako awe na zaidi ya mpango mmoja.

Ukifika kituo kipya, siku 21 za kwanza ziheshimu. Ebola hujificha mwilini kati ya siku 2 na 21, na asiye na dalili haambukizi. Hata hivyo pima joto asubuhi na jioni, andika, na usipande mimbarani Jumapili ya kwanza hata wakikubembeleza. Wenyeji waambiwe ulikotoka kabla hujashuka kwenye gari, na aliyekupokea ndiye awaambie. Wakikwepa mkono wako, salimia kwa mbali na uendelee. Siku hizo zitumie kujifunza lugha ya hapo, na umwombe mkuu wako kazi yenye jina na mipaka, hata ndogo, maana asiye na kazi atashinda kwenye simu akifuatilia habari za kituo cha zamani.

Usihesabu kurudi upesi. Mlipuko wa Ebola hutangazwa kwisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, na hesabu huanza upya akipatikana mmoja. Liberia ilitangazwa salama tarehe 9 Mei 2015, kisha wagonjwa wakaonekana tena. Kwa hiyo kwenye ule ukurasa wa daftari ongeza mstari mmoja wa vitu vyako: baiskeli achukue nani, vitabu viende wapi, kuku wa nani.