Kutengeneza gemu ya matanga peke yako, toka bahari tupu mpaka toleo kamili

Kama unataka kutengeneza gemu ya matanga, anza na upepo. Najua hamu inakuvuta kwenye visiwa na hazina na mabaharia wenye stori zao, mi nilianza hivo hivo, nikachonga visiwa vitatu kwenye Blender, programu ya kuchonga maumbo ya 3D, miezi minne mizima, afu siku naweka chombo majini kinaenda kama gari, unabonyeza kinaenda, njiani hamna cha kufanya zaidi ya kusubiri kufika. Visiwa vyote vitatu nilikuja kuvitupa. Mpangilio wa hapa chini ndo ambao ningeufuata leo kama naanza upya, na utaona hatua mbili za mwanzo zimekula nafasi kubwa, ni makusudi.

Hatua ya 1: kisanduku kwenye maji bapa

Fungua injini ya gemu uliyozoea, yani programu ya kutengenezea gemu. Mi natumia Godot mana'ke leseni yake ni MIT, ukiuza gemu hudaiwi asilimia, ila kama mkono wako umezoea Unity au Unreal baki huko huko. Weka maji bapa, kisanduku kirefu ndo chombo, fimbo ndo mlingoti, basi.

Upepo ni vekta moja tu: unatoka wapi na una nguvu gani. Kila fremu ya fizikia, yani kila injini inapopiga hesabu za mwendo, unapima pembe kati ya omo (mbele) ya chombo na kule upepo unakotoka, afu unasoma kwenye grafu chombo kipate asilimia ngapi ya kasi yake ya juu. Grafu yangu iko hivi: nyuzi 0 mpaka 40 ni sifuri, hapo umeukabili upepo na tanga linapigapiga tu. Nyuzi 50 ni asilimia 55. Nyuzi 90, upepo wa ubavuni, asilimia 95. Nyuzi 110 mpaka 120 ndo kasi kamili, na nyuzi 180, upepo wa nyuma kabisa, inashuka mpaka 70. Hiyo ya mwisho inawashangaza wengi, wanadhani upepo wa nyuma ndo wa mbio zaidi, lakini ukikimbia uelekeo mmoja na upepo, kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo upepo wa kukusukuma unavyopungua.

Afu kuna mkuku, ule uti wa chini ya chombo unaokizuia kisisukumwe ubavuni. Gawa kasi ya chombo sehemu mbili, ya kwenda mbele na ya kwenda ubavuni, hii ya ubavuni ipunguze kwa nguvu kila fremu ila usiimalize. Ukiimaliza chombo kinakwenda kama treni kwenye reli, ukiiacha yote kinateleza kama sabuni. Hicho kidogo kinachobaki kinamlazimisha mchezaji alenge upande wa joshi wa kisiwa, yani unakotoka upepo, ili afikie pale anapotaka, na akishaligundua hilo mwenyewe bila kuambiwa, hata anavyokaa kwenye kiti kunabadilika kabisa, nimeona kwa macho yangu.

Weka na bendera juu ya mlingoti. Bendera ifuate upepo unaosikika chomboni, yani upepo halisi ukitoa kasi ya chombo, ila moshi na miti ya nchi kavu ifuate upepo halisi. Mchezaji hatakwambia kaiona hiyo tofauti, lakini ukiitoa anasema kuna kitu hakiko sawa na hajui ni nini.

Kaa na kisanduku hiki hata mwezi. Kama hukiendeshi dakika 20 bila kuchoka, usiende hatua inayofuata.

Hatua ya 2: kubisha, yani kwenda kule upepo unakotoka kwa kukata mshazari huku na huku

Hapa ndo nilipokuwa napoteza watu. Nilimkalisha rafiki mbele ya skrini, nikajizuia kusema chochote, akatweka tanga akaelekea kisiwa ambacho upepo ulikuwa unatokea huko huko. Chombo kikasimama. Akabonyeza mbele, akabonyeza tena kwa nguvu, akageuza usukani kushoto na kulia, tanga linapigapiga, dakika nne nzima, mwisho akaweka kontrola chini taratibu akaniuliza "imeganda?" Ilikuwa haijaganda, ilikuwa inafanya kila kitu sawasawa kifizikia na ndo maana iliniuma.

Nilibadilisha vitu vitatu. Kwanza chombo kikiukabili upepo kisife hapo hapo, kipoteze mwendo kwa sekunde tatu nne, ili aliyekuja na kasi aweze kupita upande wa pili. Pili, kikisimama kabisa kianze kurudi nyuma polepole na usukani ufanye kazi kinyume, ndivyo ilivyo hata kwa chombo cha kweli, hivo hata asiyejua anajikuta kageuka na tanga limekamata upepo. Tatu sauti: tanga likipiga lipige kwa kelele ya kukera kweli, na likijaa upepo kelele ikatike ghafla ubaki mlio wa maji tu. Hiyo sauti ilifundisha kubisha kuliko maandishi yote niliyokuwa nimeweka, nikayafuta yote.

Hatua ya 3: mawimbi

Tumia mawimbi ya Gerstner, fomula ya kuchora mawimbi yenye vilele vyembamba kama ya bahari, manne mpaka sita yanatosha, kila moja na urefu na uelekeo wake. Mwendo wao usiubuni: kwenye maji ya kina, kasi ni kipeuo cha pili (square root) cha 9.81 mara urefu wa wimbi gawa kwa 6.28, yani wimbi la mita 20 linakwenda kama mita 5.6 kwa sekunde. Ukibuni, macho yanakataa, chombo kinaonekana kama cha kuchezea kwenye beseni.

Mtego ni huu. Sheda, yani programu ndogo ya kuchora, inayachora mawimbi kwenye GPU (chipu ya picha) lakini chombo kinaelea kwa hesabu za CPU (chipu kuu), kwa hiyo fomula iwe ile ile na saa iwe ile ile pande zote mbili. Na Gerstner haipandishi tu pointi juu, inaisogeza mbele na nyuma pia, so ukisoma urefu wa maji pale pale ulipo unapata urefu wa jirani. Soma, rudisha ule msogeo, soma tena, mara tatu, ndo chombo kitakaa juu ya maji badala ya kuzama nusu kwenye kilele cha wimbi.

Kamera usiifunge kwenye chombo ikayumba nacho, upeo wa macho ukae mlalo, la sivyo watu wanapata kichefuchefu.

Hatua ya 4: punguza bahari

Chombo cha kweli kikienda noti 6 ni kama kilomita 11 kwa saa, kisiwa kilicho kilomita tano mbele ni karibu nusu saa ya kukodolea maji. Ongeza kasi, sogeza visiwa. Kipimo changu: kila baada ya dakika mbili kuwe na kitu kipya kinachoonekana mbele, hata kama ni ndege tu wanazunguka mahali.

Hata hivo bahari itakuwa kubwa kiasi cha kuleta shida ya namba. Injini nyingi zinahifadhi nafasi kwa biti 32, na ukifika kilomita 100 kutoka katikati ya dunia ya gemu hatua ndogo kabisa inayowezekana ni karibu milimita 8, kamba na mikono ya baharia vinaanza kutetemeka. Dawa ni kuirudisha dunia yote katikati kila mchezaji akipita kilomita mbili. Ila kumbuka kuipa na fomula ya mawimbi huo msogeo, mi nilisahau na kila kilomita mbili bahari yote ilikuwa inaruka.

Hatua ya 5: kusevu

Andika namba ya toleo kwenye faili la sevu toka siku ya kwanza. Kila ukibadilisha muundo, andika skripti ndogo ya kuhamisha toka 3 kwenda 4, toka 4 kwenda 5, hivo hivo kwa mnyororo. Apdeti moja niliyotoa bila hii ilifuta safari za watu waliokuwa wamecheza masaa 30, na bado naionea haya.

Hatua ya 6: kufunga orodha, afu Steam

Andika kila kitu ambacho bado hakijaingia, kata nusu, na wiki nane kabla ya kutoka usiongeze kitu kipya. Mi nilikata vita vya mizinga. Iliuma, ila ilikuwa inataka mwaka mwingine.

Steam ni duka la gemu za kompyuta mtandaoni, na ada yake ni dola 100 kwa kila gemu, inarudi mapato yakifika dola 1,000. Toka ulipe lazima zipite siku 30 ndo uweze kutoa gemu, na ukurasa wa kutangaza ukae wazi angalau wiki mbili, ila wewe uweke mapema zaidi, hata mwaka, wishlisti, yani watu wanaoiweka gemu kwenye orodha ya wanazozitaka, zinakuja taratibu. Next Fest, tamasha la demo la Steam, unaingia mara moja tu kwa kila gemu, usiende na demo mbichi. Mtu anarudishiwa hela kama amecheza chini ya masaa mawili na hazijapita siku 14 toka anunue, kwa hiyo mchezaji awe ameshika usukani dakika ya tano, stori za bandarini zisubiri.

Ukianzia Early Access, yani kuuza gemu ikiwa bado haijakamilika, ujue siku ya kutoka huko kuja toleo kamili Steam inawatumia barua pepe walioweka wishlisti. Barua hiyo haiji mara mbili, usibonyeze kitufe cha toleo kamili kwa sababu tu umechoka.

Wiki ya kwanza baada ya kutoka rekebisha kwa mpangilio huu: sevu zinazoharibika, gemu inayojifunga, chombo kinachokwama, mengine yote baadaye. Kila rekebisho lipite kwanza kwenye tawi la beta la Steam (toleo la majaribio la pembeni) kwa siku moja na watu wenye sevu za zamani.