Weka huduma yako ya kwanza hewani: kutoka laptopu hadi Cloud Run

Anayeanza kujifunza mambo ya wingu, yaani kuendesha programu kwenye kompyuta za kampuni nyingine kupitia intaneti, hutupiwa majina mengi kwa mpigo: Docker, Kubernetes, Terraform, na kabla hajashika hata moja, limeshatoka jingine. Ninachowaambia vijana ninaofanya nao kazi ni hiki: chagua kitu kimoja kidogo chenye kazi ya kweli, kifikishe hewani, halafu zana zitakazokuja utazipima kwa kile ulichokwisha kuona.

Kitu tutakachotumia hapa ni huduma ya kupokea majibu ya malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, lango la Safaricom kwa waandishi wa programu nchini Kenya. Nimeichagua huduma hii kwa sababu inahitaji wingu kwelikweli. Ukituma ombi la STK Push, yaani ombi la kumtaka mteja alipe, mteja anaombwa PIN kwenye simu yake, lakini matokeo hayarudi papo hapo. Daraja huyatuma baadaye kwenye anwani uliyoitaja, na anwani hiyo lazima ifikike kutoka intaneti kwa https. Laptopu iliyo nyuma ya ruta ya nyumbani haifikiki.

Uwe na Python, Docker na programu ya gcloud (ya kuiamuru Google Cloud kutoka terminali) kwenye mashine yako, pamoja na akaunti ya Google Cloud iliyounganishwa na kadi ya malipo. Cloud Run, tutakakoiweka huduma, ni sehemu ya Google Cloud inayoendesha makontena kwa niaba yako; kontena ni nini tutaliona kwenye hatua ya 2.

Hatua ya 1: Andika huduma yenyewe

Fungua folda mpya, kisha andika faili la `main.py`:

```python
import json
from flask import Flask, request

app = Flask(__name__)

@app.get("/")
def hali():
    return "Niko hewani"

@app.post("/malipo/jibu")
def jibu():
    stk = request.get_json()["Body"]["stkCallback"]
    print(json.dumps({
        "ombi": stk["CheckoutRequestID"],
        "matokeo": stk["ResultCode"],
    }), flush=True)
    return {"ResultCode": 0, "ResultDesc": "Imepokelewa"}
```

Kwenye `requirements.txt` weka mistari miwili: `flask` (maktaba ya kuandikia huduma za wavuti) na `gunicorn` (seva inayoiendesha), majina tu bila maelezo haya.

Tazama hiyo `print`. Hatuandiki logi, yaani kumbukumbu za yaliyotokea, kwenye faili. Tunaitoa nje kama maandishi ya kawaida, na wingu linaikusanya lenyewe. `ResultCode` ikiwa 0, malipo yamekamilika. Namba nyingine yoyote maana yake hayakukamilika, kwa mfano 1032 pale mteja anapoghairi.

Hatua ya 2: Ifungashe kwenye kontena

Solomon Hykes aliionyesha Docker, zana ya kutengeneza na kuendesha makontena, hadharani mara ya kwanza Machi 2013, kwenye mkutano wa PyCon mjini Santa Clara, Marekani. Ilitibu ugonjwa ambao kila timu inaujua: programu inafanya kazi kwa aliyeiandika, ikifika kwenye seva inagoma. Ukiwa na kontena, unachosafirisha ni programu pamoja na kila inachokitegemea.

Andika faili liitwalo `Dockerfile`, lenye maelekezo ya kujenga kontena:

```
FROM python:3.12-slim
WORKDIR /app
COPY requirements.txt .
RUN pip install --no-cache-dir -r requirements.txt
COPY . .
CMD exec gunicorn --bind :$PORT --workers 1 --threads 8 main:app
```

Mpangilio wa mistari hii una sababu. Docker hujenga imeji, yaani kifurushi ambacho kontena huwashwa kutokana nacho, tabaka kwa tabaka, na tabaka ambalo halijabadilika halijengwi upya. Kwa kuwa `requirements.txt` imenakiliwa peke yake kwanza, ukibadilisha mstari mmoja wa `main.py` maktaba hazipakuliwi tena. Ukianza na `COPY . .`, kila badiliko dogo litakulazimisha kupakua kila kitu upya, na kwa anayenunua bando hilo ni gharama inayoonekana.

Ongeza `.dockerignore` yenye `.git`, `.env` na `__pycache__`. Faili la `.env`, ambamo watu huweka nywila, ndilo hasa lenye hatari: likiingia ndani ya imeji, yeyote atakayeipata imeji hiyo amepata na nywila zako.

Sasa jenga na ujaribu:

```
docker build -t malipo .
docker run --rm -p 8080:8080 -e PORT=8080 malipo
```

Kwenye terminali nyingine, jifanye wewe ndiye Daraja:

```
curl -X POST localhost:8080/malipo/jibu \
  -H "Content-Type: application/json" \
  -d '{"Body":{"stkCallback":{"CheckoutRequestID":"jaribio-1","ResultCode":0}}}'
```

Ukiona mstari wenye `jaribio-1` kwenye terminali ya kwanza, endelea. Usipouona, usiende kwenye wingu. Kutafuta kosa kwenye mashine yako ni rahisi mara nyingi kuliko kulitafuta kwenye mashine usiyoweza kuigusa.

Hatua ya 3: Ipeleke hewani

```
gcloud run deploy malipo --source . \
  --region africa-south1 \
  --max-instances 2 \
  --allow-unauthenticated
```

`africa-south1` ni Johannesburg, kanda ambayo Google iliifungua mwaka 2024. Kwa watumiaji walio Nairobi au Dar es Salaam usiichague kwa kuangalia ramani tu. Safari ya data hufuata nyaya, na bei hutofautiana kati ya kanda na kanda. Weka huduma hiyohiyo kwenye kanda mbili, zipime kwa `curl`, halafu ndipo uamue.

Amri ikimaliza utapewa anwani ya https inayoishia na `run.app`. Cheti chake kimeshashughulikiwa, na anwani hiyo ndiyo utakayoiweka kama `CallBackURL` kwenye ombi lako la STK Push, ukimalizia na `/malipo/jibu`.

Ikigoma, mara nyingi utaambiwa kontena halikusikiliza kwenye porti iliyotajwa na `PORT`. Angalia mambo mawili: je, umeandika namba ya porti kwa mkono mahali fulani? Je, programu inasikiliza kwenye `127.0.0.1`, ambako haisikii chochote kutoka nje ya kontena? Flask ikiwashwa yenyewe bila gunicorn hufanya yote mawili: `127.0.0.1`, porti 5000. Na kama unajenga imeji mwenyewe kwenye Mac ya chipu za Apple badala ya kutumia `--source`, ongeza `--platform linux/amd64`, la sivyo itajengwa kwa aina ya prosesa ambayo Cloud Run haiendeshi.

Hatua ya 4: Usihifadhi kitu ndani ya kontena

Hapa ndipo ninapotaka utulie, maana anayelielewa hili ameelewa sehemu kubwa ya kazi ya wingu.

Cloud Run huwasha kontena maombi yanapokuja, huongeza mengine msongamano ukizidi, na kama hakuna anayeita huyazima yote. Kontena linapozimwa, kila ulichoandika ndani yake kimekwenda. Faili unazoziandika humo hukaa kwenye RAM, kwa hiyo zinakula hata kumbukumbu ya programu yako. Ukiweka orodha ya malipo kwenye faili la SQLite (hifadhidata inayokaa kwenye faili moja) ndani ya kontena, mchana yataonekana yapo, asubuhi hayapo, na hakutakuwa na ujumbe wowote wa kosa. Fedha za watu hazihifadhiwi hivyo.

Malipo yaende kwenye hifadhidata iliyo nje ya kontena, kwa mfano PostgreSQL. Kwa kuwa makontena mawili yanaweza kufanya kazi kwa wakati mmoja, na jibu moja linaweza kukufikia zaidi ya mara moja, safu ya `ombi` iwe ya kipekee:

```sql
CREATE TABLE malipo (
  ombi TEXT PRIMARY KEY,
  matokeo INTEGER NOT NULL,
  muda TIMESTAMPTZ DEFAULT now()
);

INSERT INTO malipo (ombi, matokeo)
VALUES ($1, $2) ON CONFLICT (ombi) DO NOTHING;
```

Jibu likija mara tatu, mteja anahesabiwa mara moja.

Kuna jambo jingine ambalo miongozo mingi hulipita. Anwani yako iko wazi, kwa hiyo yeyote anayeijua anaweza kutuma JSON inayofanana na ya Daraja. Kabla ya kumpa mteja bidhaa, muulize Daraja mwenyewe kwa ombi la `stkpushquery` ukitumia `CheckoutRequestID` ileile. Ujumbe uliokufikia uuchukue kama taarifa. Uthibitisho uutafute wewe.

Hatua ya 5: Siri, kurudi nyuma, na bili

Nywila ya hifadhidata iweke kwenye Secret Manager, hifadhi ya siri ya Google Cloud, kwa jina la, tuseme, `nywila-db`, uipe akaunti ya huduma yako ruhusa ya kuisoma, kisha:

```
gcloud run services update malipo \
  --set-secrets DB_PASSWORD=nywila-db:latest
```

Nywila iliyowahi kuingia kwenye Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, haitoki kwa kufuta mstari, kwa sababu historia inabaki. Ibadilishe siku hiyohiyo.

Kila unapopeleka toleo jipya, lile la zamani linabaki. Toleo jipya likiharibu kitu, rudisha kwanza, chunguza baadaye:

```
gcloud run revisions list --service malipo
gcloud run services update-traffic malipo \
  --to-revisions JINA_LA_TOLEO=100
```

Kuhusu bili: weka bajeti na tahadhari zake kwenye sehemu ya malipo ya akaunti, lakini ujue kwamba bajeti hiyo inakutumia barua pepe tu, haizimi chochote. Kinachozuia makontena kuongezeka ovyo ni ile `--max-instances 2` tuliyoiweka mwanzoni.

Ukimaliza mazoezi, futa huduma kwa `gcloud run services delete malipo`. Kisha ingia Artifact Registry, ghala la imeji la Google Cloud, ufute na imeji zilizojengwa. Hizo hazifutiki pamoja na huduma, na nafasi zinayochukua huendelea kuhesabiwa.