Namna ya Kuandaa Onyesho la Sanaa za Kisasa Kuhusu Mapenzi

Maonyesho mengi yanayobeba jina la mapenzi huishia kuwa mkusanyiko wa picha za watu waliokumbatiana, kwa sababu mada hiyo ni pana kiasi kwamba hakuna kazi inayoweza kukataliwa. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta ukumbi au kumwandikia msanii yeyote, msimamizi wa onyesho hana budi kuibana mada mpaka iwe swali moja linaloweza kujibiwa kwa vitu vya kuonekana na kusikika. Hapa nitachukua mfano wa onyesho la kazi kumi hadi kumi na tano katika mji wa pwani, kama vile Mombasa, Lamu au Unguja, lenye swali hili: watu wanaopendana wakitenganishwa na safari, kazi au kifo, mapenzi yao hubaki katika kitu gani? Swali hilo lina uzito katika miji ambayo watu wake wengi wana ndugu waliokwenda kufanya kazi Oman, Saudia au Dubai, na linamkaribisha mama aliyeachwa na mwanawe kama linavyomkaribisha mke aliyeachwa na mumewe.

Katika kuchagua kazi, jiulize kama kazi inatenda jambo ambalo mapenzi hulitenda, au inayataja tu. Félix González-Torres, msanii mzaliwa wa Cuba aliyeishi Marekani, alitundika saa mbili za kawaida za ukutani zikigusana, zimetegwa kwa wakati mmoja, akijua kwamba betri zikianza kuchoka moja itabaki nyuma ya mwenzake. Mwaka 1991 aliweka kwenye kona ya ukumbi rundo la peremende lenye uzito uliokusudiwa wa ratili 175, yaani kilo 79 hivi, ambao wengi huuelewa kuwa uzito wa mwenzi wake Ross alipokuwa na afya, kabla ya kufariki kwa UKIMWI. Mgeni huruhusiwa kuchukua peremende, rundo likapungua, na wenye ukumbi wanaweza kulijaza tena. Si rahisi kwa onyesho dogo kuazima kazi hizo, lakini zifanye kipimo chako, na msanii wako akileta kazi inayoliwa, inayochakaa au inayogawiwa, andikeni mapema katika mkataba nani atagharamia kuijaza na kwa muda gani.

Katika swali letu, khanga ina nafasi ya pekee, nayo ndiyo huharibiwa zaidi na waandaaji. Khanga huuzwa kwa doti, na marafiki au ndugu wanaopendana hugawana vipande viwili vya doti moja, hivyo kipande kimoja kikiwa ukutani tayari kinamwambia mtazamaji kwamba kingine kiko mahali. Itundike ikiwa wazi yote, pindo, mji (sehemu ya kati) na jina (maneno yaliyoandikwa), kwa maana khanga iliyokunjwa kwa mapambo huficha maandishi, na khanga isemayo «Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika» haina kazi kama mgeni hawezi kuyasoma maneno hayo. Usiipigilie misumari wala kuibandika kwa gundi. Shona ukanda wa pamba nyeupe upande wa nyuma, juu, upitishe ufito wa mbao ndani yake, na uzito utagawanyika sawasawa. Ikiwa imevaliwa, usiifue: doa la mafuta na harufu ya udi ni sehemu ya habari yake. Mwanga usizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwangaza), na jua la dirishani lisiifikie kabisa, kwa kuwa rangi iliyopauka hairudi. Nyumba za mawe na chokaa hutoa unyevu na chumvi, basi acha nafasi kati ya kitambaa na ukuta, na pata idhini ya mamlaka ya uhifadhi kabla ya kutoboa kuta za mji wa kale.

Barua na ujumbe wa sauti vinahitaji tahadhari kubwa zaidi. Mtu aliyepokea barua ya mapenzi anamiliki karatasi, lakini hakimiliki ya maneno hubaki kwa aliyeyaandika; nchini Kenya, kwa mfano, haki hiyo huendelea kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Kwa hiyo ruhusa inatakiwa kwa pande zote mbili, kwa maandishi, nami naona haki hii isipuuzwe hata pale sheria isipofuatiliwa, kwani aliyeandika kwa mtu mmoja hakuandikia umma. Msanii wa Ufaransa Sophie Calle aliwapa wanawake 107 barua pepe ambayo kwayo mpenzi wake alimwacha, waifasiri kila mmoja kwa ujuzi wake, akaonyesha kazi hiyo Venice mwaka 2007. Wengi wanaomwiga husahau kwamba nguvu iko katika ufasiri wa wale wanawake, wala haiko katika kuanika siri. Ujumbe wa sauti usikizwe kwa hedifoni, mgeni akiwa ameketi, ili sauti ya mama mmoja isimezwe na ya mwingine.

Maelezo ya ukutani yasizidi maneno 70. «Kazi hii inadhihirisha nguvu ya mapenzi yasiyo na mipaka» ni sentensi ya kufutwa. Andika badala yake: «Khanga ya pamba, imevaliwa. Kipande cha pili kiko Muscat kwa dada yake.» Jumba la Makumbusho ya Mahusiano Yaliyovunjika, lililofunguliwa Zagreb, Kroatia, mwaka 2010, huonyesha vitu vya kawaida pamoja na maneno ya waliovitoa, bila majina yao, na hapo msimamizi hujifunza kunyamaza.

Picha zitundikwe kitovu chake kikiwa sentimita 150 hivi kutoka sakafuni. Usizipange kuanzia kukutana hadi kuachana, maana mgeni atakuwa ameujua mwisho akiwa mlangoni. Usifungue tarehe 14 Februari. Mawaridi ya siku hiyo yatameza swali lako. Ikiwa Ramadhani itaangukia ndani ya onyesho, fungua baada ya tarawehe, na zungumza na wazee wa mtaa mapema kuhusu kazi yoyote ya maungo wazi.

Kila kazi ipigwe picha na kuandikiwa taarifa ya hali yake inapopokewa, na taarifa hiyo ilinganishwe na kutiwa saini tena inaporudishwa. Wasanii walipwe ujira uliokubaliwa hata kama hakuna kilichouzwa. Rekodi za sauti zifutwe katika vifaa vyote vya ukumbi, isipokuwa pale ambapo mwenye sauti ameruhusu kwa maandishi zihifadhiwe.