Kumfundisha mkunga wa zahanati kwa simu, nyenzo huria na mdoli mmoja

Nafundisha wauguzi na wakunga walioko kazini. Wengi wao wako kwenye zahanati zenye wahudumu wawili au watatu, leba ni chumba kimoja, kitanda kimoja na taa ya sola. Mwongozo huu ni wa mkufunzi mwenzangu anayetaka kutengeneza somo fupi kwa vitu vya bure vilivyoko mtandaoni, kisha alifikishe kwa watu ambao mtandao wanaupata wakipanda juu ya kichuguu. Mfano wangu ni mmoja toka mwanzo hadi mwisho: mtoto aliyezaliwa amechoka, halii, hapumui.

Nimeuchagua kwa sababu. Mafunzo ya Helping Babies Breathe (kuwasaidia watoto wachanga kupumua), yanayojulikana leba kwa kifupi kama HBB, yalizinduliwa mwaka 2010, na utafiti uliofanyika katika hospitali nane za Tanzania ukaonyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 vimepungua kwa asilimia 47. Takwimu hiyo wakufunzi tunaipenda sana. Ile ya Haydom, mkoani Manyara, hatuitaji mara nyingi: huko ilionekana kwamba baada ya semina ya siku moja wahudumu walifanya vizuri kwenye mdoli wa mazoezi, ila walipomshika mtoto halisi hapakuwa na tofauti. Vifo vilishuka baadaye, walipoanza mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, palepale kazini. Basi kazi yote ya kompyuta nitakayoieleza hapa ina shabaha moja, mkunga aishike ambu, ule mfuko wa kuminya unaompa mtoto hewa, mara nyingi zaidi nikiwa sipo.

Hatua ya 1: Andika mikono itafanya nini

Usianze kwa kutafuta video. Chukua karatasi, andika sentensi moja. Yangu ni hii: "Ndani ya dakika moja tangu mtoto atoke, mkunga awe amemkausha, amemsugua mgongo, na kama bado hapumui, amekata kitovu na kuanza kumpa hewa kwa ambu, kifua kikiinuka, kwa kasi ya mara 40 kwa dakika."

Chochote kisichoitumikia sentensi hiyo kinatoka. Somo langu la kwanza lilikuwa na slaidi 46, zikiwemo sita za mzunguko wa damu ya mtoto tumboni. Kwenye slaidi ya thelathini na kitu sista mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hiyo ambu tutaishika leo au kesho?" Sasa nina slaidi nne.

Hatua ya 2: Kusanya nyenzo

Kwa somo hili mimi huanzia sehemu tatu. Ya kwanza ni Global Health Media Project, wanaotengeneza video fupi zilizopigwa kwenye vituo halisi vya nchi zenye kipato kidogo. Nyingi zina sauti ya Kiswahili na unazipakua bure. Ya pili ni moduli za HEAT za Open University ya Uingereza. Zilitungwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wa vijijini Ethiopia, na ile ya Labour and Delivery Care ina somo la kumsaidia mtoto asiyepumua, lenye maswali ya kujipima. Ya tatu ni machapisho ya WHO (Shirika la Afya Duniani) yenyewe.

Pakua faili lenyewe, usihifadhi kiungo. Viungo hufa. Kila faili ulipe jina linalosema limetoka wapi na umelichukua lini, maana baada ya miezi sita utakuwa na "video1_final_mpya" nne na hutajua ipi ni ipi.

Hatua ya 3: Soma leseni kabla ya kugusa mkasi

Hapa ndipo wengi wetu tunaporuka. Kitu kuwa cha bure si ruhusa ya kukikatakata. Neno "nyenzo huria za elimu" lilizaliwa kwenye mkutano wa UNESCO mwaka 2002, na maana yake ni nyenzo ambazo mwenyewe amekwisha kukuruhusu kuzitumia, kuzinakili, kuzibadilisha na kuzisambaza. Ruhusa hiyo mara nyingi inaandikwa kwa herufi za Creative Commons, mfumo wa leseni za wazi, chini ya ukurasa au mwanzoni mwa kitabu:

BY: mtaje mwenyewe.
NC: usifanyie biashara.
SA: ukibadilisha, toleo lako nalo litoke kwa leseni ileile.
ND: sambaza kama ilivyo, usibadilishe.

Herufi ya kuchunga zaidi ni ND. Ukiikuta, kutafsiri au kuweka sauti yako juu yake ni kubadilisha. Onyesha kama ilivyo au uombe ruhusa. Mimi huandika barua pepe ya mistari mitano nikieleza ni nani, ninafundisha wapi na nataka kufanya nini.

Machapisho mengi ya WHO ya miaka ya karibuni yako chini ya BY-NC-SA. Unaweza kuyatafsiri na kuyafupisha, lakini usiweke nembo ya WHO kwenye kazi yako, na lazima uandike waziwazi kwamba tafsiri hiyo haikutengenezwa na WHO na kwamba WHO haiwajibiki kwa usahihi wake. Niliwahi kuona bango la leba limebandikwa nembo hiyo kwa nia njema kabisa, huku dozi ya dawa imekosewa. Fikiria mkunga anayeiamini nembo.

Kama ukurasa hausemi lolote kuhusu leseni, hesabu haki zote zimehifadhiwa. Soma, jifunze, waelekeze wenzako waende kusoma, ila usinakili.

Hatua ya 4: Linganisha na mwongozo wa taifa na droo ya leba

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na haifanyiki mezani.

Fungua mwongozo wa Wizara ya Afya unaotumika sasa, uuweke pembeni ya video. Video za zamani zinamwonyesha mkunga akimnyonya makamasi kila mtoto, tena kichwa kikiwa ndio kwanza kimetoka. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2012 uliliacha jambo hilo: mtoto anayepumua mwenyewe hanyonywi, hata kama maji ya uzazi yalikuwa machafu. Ukionyesha video ya zamani bila kusema neno, umefundisha kosa kwa picha nzuri, na picha haisahauliki upesi.

Kisha nenda ukafungue droo. Video itaonyesha kinyago (kifuniko cha ambu cha mdomo na pua) namba 1 na namba 0, pengwini (kifaa cha mpira cha kunyonyea makamasi), na meza yenye taa ya joto. Nimefungua droo nikakuta ambu ya mtu mzima peke yake. Nimekuta ambu sahihi iliyohifadhiwa vizuri kabatini, kabati limefungwa, ufunguo uko kwa mtu aliye likizo. Piga picha ya vifaa vilivyopo, hizo ndizo picha za somo lako. Mkunga akiiona meza yake mwenyewe kwenye skrini anakaa vizuri kitini.

Ukiona kuna pengo la vifaa, mwambie mganga mfawidhi na mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya kabla ya somo. Hakuna programu ya simu inayoziba nafasi ya kinyago kisichokuwepo.

Hatua ya 5: Punguza, badilisha, weka Kiswahili cha leba

Moduli ya Ethiopia inazungumzia vituo na vyeo vya Ethiopia, basi vibadilishe. Kiswahili nacho kiwe kile wanachokisema. Kamusi inaweza kukupa maneno mazito kama "kuhuisha". Leba wanasema "mtoto kachoka" na "mpe hewa". Jina la ugonjwa linaloandikwa kwenye faili la mgonjwa lifundishe kama linavyoandikwa, mengine sema kama watu wanavyosema. Hata kuhesabu kuna namna: kwenye HBB unahesabu kwa sauti "pumua, mbili, tatu, pumua, mbili, tatu", unaminya kwenye "pumua" na kuachia kwenye "mbili, tatu". Ukihesabu hivyo kwa utulivu unafika karibu na 40 kwa dakika bila kuangalia saa.

Kwa sauti natumia kinasa cha simu, ndani ya gari lililofungwa vioo. Ni studio nzuri kuliko ofisi yenye feni. Kwa video ulizoruhusiwa kuzibadilisha, zipunguze uzito kwa HandBrake, programu ya bure. Chagua MP4, H.264, ukubwa wa 480p. Video ya dakika tatu inaweza kushuka hadi kama MB 10 au 12, na itacheza kwenye simu yoyote ya bei rahisi. Usiitume ikiwa na MB 90 halafu ukalalamika kwamba watumishi hawafungui masomo. Bando ni lao.

Mwishoni mwa kila faili weka mstari wa shukrani: jina la nyenzo, mwenyewe, leseni, na ulichobadilisha.

Hatua ya 6: Ifikishe bila intaneti

Njia rahisi kwanza: memori kadi au flashi, kisha wao wenyewe kwa wenyewe kwa Xender au Bluetooth. Kwa kundi dogo sihitaji zaidi ya hapo.

Kwa vituo vingi, au ukitaka kujua nani amejibu maswali, tumia Kolibri, programu ya masomo ya Learning Equality. Ni ya bure na ilitengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na mtandao. Ukiwa mjini, fungua akaunti Kolibri Studio, pandisha video, PDF na maswali yako, chapisha, utapewa tokeni fupi, yaani msimbo wa kushushia masomo hayo. Weka Kolibri kwenye laptopu, ingiza tokeni, masomo yatashuka. Kuanzia hapo hauhitaji intaneti tena: simu za wanafunzi zinaungana na laptopu kwa Wi-Fi, wanaandika kwenye kivinjari anwani unayoionyesha, basi.

Mtego mmoja ulinitesa asubuhi nzima mbele ya watu tisa. Laptopu ya Windows mara nyingi hukataa kuwasha hotspoti yake kama haina intaneti ya kugawa. Washa hotspoti ya simu, zima data, laptopu na simu za wanafunzi ziungane hapo. Au nunua rauta ndogo inayotumia pawabenki. Jaribu yote nyumbani ukiwa umezima data kabisa, usiamini tu kwamba itafanya kazi.

Kundi la WhatsApp ni zuri kwa kukumbushana. Lakini kuna siku picha ya mtoto ilitupwa kundini, jina la mama likisomeka kwenye kadi. Weka kanuni siku ya kwanza: hakuna sura, hakuna jina, hakuna namba ya faili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, yule mama hakuja kujifungua ili awe somo.

Hatua ya 7: Dakika kumi zenyewe

Nafanya wakati wa kukabidhiana zamu, sisubiri siku ya semina. Dakika tatu, video. Dakika moja, swali: "Hapo amekosea nini?" Zilizobaki zote, mdoli. Wawili wawili, mmoja ni mkunga, mwingine anashika saa ya simu na kusoma orodha ya hatua. Kifua cha mdoli kisipoinuka usimwambie jibu. Mwache arekebishe kichwa, abandike kinyago upya, afungue mdomo, aminye zaidi kidogo. Kimya hicho kinaudhi, najua, hasa kwa sisi tuliozoea kuongea.

Kama mdoli hakuna, kitambaa kilichokunjwa kitakufundishia kukausha na kusugua tu. Hakifundishi kubana kinyago. Azima mdoli hata kwa wiki moja kwa mwezi, uzungushwe kwenye vituo.

Chagua mmoja wa kituo awe msimamizi wa mazoezi, si lazima awe mkubwa wa cheo. Kwangu waliofanikiwa zaidi walikuwa wauguzi vijana waliopenda simu, wakisaidiwa na mkunga mkongwe aliyeheshimika. Huyo mkongwe mwombe mapema na kwa adabu. "Mama, naomba unisaidie kuwaangalia hawa" hufungua milango ambayo barua ya wilaya haifungui. Mahudhurio yaandikwe na kusainiwa, kwa sababu mafunzo endelevu yanahitajika wanapohuisha leseni zao Baraza la Uuguzi na Ukunga. Na watakuuliza posho. Jibu ukweli siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Pima kitu kimoja

Alama za maswali kwenye Kolibri zinapendeza kwenye ripoti, ila mimi napima sekunde: tangu mdoli "azaliwe" hadi kifua kiinuke mara ya kwanza. Naziandika kwenye daftari lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, tarehe, jina, sekunde. Zikizidi 60 tunarudia palepale. Kila mwezi msimamizi analipiga picha ukurasa na kunitumia. Ndio mtandao wote ninaouhitaji kutoka kwao.

Hatua ya 9: Rudisha ulichotengeneza

Toleo lako la Kiswahili liweke pale wengine watakapolipata, chini ya leseni inayokubaliana na ulikotoa. Ukichukua kwenye BY-NC-SA, lako nalo ni BY-NC-SA. Weka faili linaloweza kuhaririwa, PDF peke yake humfunga mwenzako mikono. Kwenye jina andika namba ya toleo na mwezi, kwa mfano "mpe-hewa-toleo3-juni", na ukurasa wa kwanza taja mwongozo wa taifa wa mwaka gani ulioutumia kulinganisha. Wizara ikitoa mpya, toa la zamani mtandaoni siku hiyo, kisha wapigie wasimamizi wafute lile lililoko kwenye memori kadi. Kupiga simu, nasema. Ujumbe wa kundini hausomwi na wote.